Nilikuwa Babati naimba, mlima ukashuka nyumbani kwangu

BARUA

Bwana Yesu asifiwe, Mama Mshauri.

Mimi ni mama wa miaka 36, naishi wilayani Hanang, mkoa wa Manyara. Naomba jina langu lisitoke, maana huku kwetu watu wanajuana, na haya ninayokuandikia sijamwambia hata mama yangu mzazi.

Tarehe 3 Desemba 2023 utakuwa unaikumbuka. Ndiyo siku mlima Hanang ulipoporomosha matope, mawe na magogo mpaka katikati ya mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walifariki. Wawili kati yao ni wangu: mume wangu, aliyekuwa fundi pikipiki, na binti yetu aliyekuwa darasa la kwanza. Mtoto wangu wa kiume, ambaye sasa ana miaka 12, alitoka hai. Baba yake alimpandisha juu ya ukuta wa jirani, kisha akarudi ndani kumchukua dada yake. Hawakutoka.

Mimi sikuwepo. Hili ndilo linaloniua. Jumamosi ile kwaya yetu ilikwenda Babati kwenye uzinduzi wa kwaya wenzetu. Tulipanga kurudi jioni ile ile, lakini mvua ikawa kubwa, wenyeji wakatuambia tulale, tuondoke alfajiri. Nikampigia mume wangu saa tatu usiku. Akacheka, akasema, "Lala huko, mama, sisi tumeshakula, huku ni mvua tu." Nyuma yake nikawasikia watoto wakisoma Zaburi ya 91. Hiyo ndiyo ilikuwa sala ya nyumba yetu kila usiku. Mume wangu aliinakili kwa mkono na kuibandika ukutani juu ya kitanda chao. Mdogo alikuwa hajui kusoma vizuri, lakini alikuwa ameikariri, na akifika kwenye "Mabaya hayatakupata wewe" alikuwa anapaza sauti.

Asubuhi simu zikaanza kuita. Karibu na Katesh barabara ilikuwa imefunikwa, gari likashindwa kupita, tukashuka na kutembea kwenye matope, wanakwaya wote, na sare zetu. Mume wangu alipatikana siku ile ile. Binti yangu alipatikana siku ya tatu. Nilimtambua kwa nywele, kwa sababu nilikuwa nimemsuka mwenyewe Ijumaa.

Siwezi kusema tulitupwa. Serikali ilikuja, makanisa yalikuja, watu tusiowajua walituletea unga na blanketi kutoka mbali. Leo mimi na mwanangu tuna pa kulala, nauza chakula karibu na stendi, na mwanangu anasoma. Shida yangu iko ndani, na naona inazidi badala ya kupungua.

Mwaka ule wa kwanza, ibadani, jirani yetu mmoja alisimama kutoa ushuhuda. Alisema matope yalipita pembeni mwa nyumba yake kwa sababu yeye huisoma Zaburi ya 91 kila usiku. Watu wakapiga makofi na vigelegele. Nilikaa pale najiuliza, sisi tulikuwa tunasoma nini? Tangu siku hiyo kila anayenifariji ananitumia Yeremia 29:11, kwamba Mungu ananiwazia mawazo ya amani wala si ya mabaya. Nimeupokea mstari huo kwenye simu mara nyingi mpaka nikiona unaanza naufuta. Halafu naogopa kwamba nimefuta neno la Mungu.

Sasa kuna mambo mawili yananibana. La kwanza, wifi yangu anasali kwa mtumishi mmoja ambaye amemwambia kwamba mimi nina "urejesho wa Ayubu" unaonisubiri, nitapewa mara mbili ya nilivyopoteza, ila lazima nitoe sadaka ya kujimaliza. Nina shilingi 1,800,000 nilizoweka akiba kwa ajili ya kupanga kibanda cha maana na kununua majiko. Wifi anaijua. Anasema nikiing'ang'ania nitakuwa nimeikataa ahadi kwa mikono yangu mwenyewe, na kwamba labda ndiyo maana bado nalia.

La pili, kumbukumbu ya Desemba inakaribia, na mwalimu wa kwaya ameniomba niimbe. Mimi naimba sauti ya kwanza, na nyimbo nyingi nilikuwa mwanzilishi. Tangu 2023 sijaimba. Nikifungua kinywa nakumbuka kwamba wakati wangu wanakufa mimi nilikuwa nimetoka kumwimbia Mungu. Watu wanasema nikiimba siku hiyo wengi watatiwa moyo, na nikikataa nitakuwa namnunia Mungu.

Na mwanangu. Mvua ikinyesha usiku anaamka, anavaa viatu, anakaa mlangoni mpaka iishe. Mwezi uliopita nilimkuta pale, nikamwambia Mungu yupo, alale. Akaniuliza, "Siku ile alikuwa wapi? Alikuwa Babati na wewe?" Nilishindwa kumjibu.

Mama, niambie ukweli. Ahadi za Mungu zipo, au tulikuwa tunajisomea karatasi ukutani? Na kama zipo, mimi nimekosea wapi?

Mama wa Hanang


MAJIBU

Mwanangu, pole. Pole sana.

Barua yako niliisoma asubuhi, nikaiweka, nikaisoma tena jioni, na mara zote mbili nilikwama pale pale, kwenye nywele ulizosuka Ijumaa. Kabla sijajibu lolote nilikaa na mtoto huyo anayepaza sauti kwenye mstari anaoupenda. Nakushukuru kwa kunijulisha kwake. Nadhani wengi wanaokuletea mistari hawajawahi kukuuliza alikuwa mtoto wa namna gani.

Sikuandikii kama mtu aliyeyasoma haya vitabuni. Mei 21, 1996, MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza, kaka yangu alikuwamo. Hatukumpata. Kule Igoma, walikozikwa wengi ambao ndugu zao hawakuwatambua, mama yetu alisimama na maua mkononi, akazunguka, akashindwa kuchagua, mwisho akayaweka chini katikati ya njia kwa sababu hakujua lipi ni la mwanawe. Baada ya hapo alikwenda kanisani kila Jumapili kwa karibu miaka miwili bila kufungua kinywa, wala kuimba, wala kuitikia sala. Watu walisema amepoa kiroho. Mimi niliyelala naye chumba kimoja ndiye ninayejua alivyokuwa anasema na Mungu usiku, na maneno yenyewe sitayaandika hapa. Yalikuwa makali. Lakini alikuwa anayasema kwa Mungu, si kwa ukuta.

Basi unaposema unamwogopa Mungu kwa sababu umefuta ujumbe kwenye simu, namkumbuka mama yangu.

Nikikusikia vizuri, umeniuliza kuhusu pesa, kuhusu kuimba na kuhusu mtoto, lakini chini ya yote kuna swali moja: kuna neno lililovunjwa usiku ule, na unataka kujua ni nani aliyelivunja, Mungu au wewe. Naomba tulitazame hilo kwanza, polepole, kwa sababu nadhani ndani yake kuna vitu umevipokea kwa watu bila kuvipima.

Tuanze na Zaburi ya 91. Jirani yako hakutenda dhambi kushukuru. Mtu aliyeona matope yakipita pembeni mwa mlango wake atafanya nini kama si kushukuru? Ila kati ya "nashukuru nimepona" na "nimepona kwa sababu nilisoma" kuna bonde refu, na yeye alilivuka bila kutazama chini, akakuacha wewe humo. Wataalamu waliopanda kuukagua mlima walieleza kwamba sehemu yake yenye miamba laini ilinyonya maji ya mvua, ikalemewa, ikameguka. Matope yalifuata makorongo na mikondo, kama maji yanavyofanya siku zote. Walikufa waliosali na wasiosali, wakapona waliosali na wasiosali, na wewe unawajua kwa majina.

Kuna jambo kuhusu zaburi hiyo ambalo sisikii likihubiriwa sana. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 4, kuna anayeinukuu kama hakikisho kwamba mtu wa Mungu hawezi kuumia hata akijitupa kutoka juu ya hekalu. Anayeinukuu hivyo ni shetani. Yesu hakusema zaburi ni ya uongo, alikataa kuitumia hivyo. Naye huyo huyo, aliyekuwa Mwana, hakuepushwa na msalaba. Kwa hiyo nikikuuliza kama mumeo alikosea kuibandika ile karatasi ukutani, mimi nasema hapana. Alikuwa baba anayewakabidhi wanawe kwa Mungu kila usiku. Swali ninalotaka ulichukue taratibu ni hili: je, aliibandika kama ua wa kuzuia kila kitu, au kama namna ya kuwaambia watoto mko mikononi mwa nani? Wewe uliyeishi naye ndiye unayejua alivyokuwa anaisoma.

Na kuhusu wale wanaotafuta nani alikosa, Yesu aliwahi kuletewa habari ya karibu na hilo. Akawatajia watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, akauliza kama wanadhani walikuwa wakosaji kuliko wengine wote wa Yerusalemu. Akajibu mwenyewe: sivyo. Mnara ulianguka, mlima ukameguka. Hakumtafutia mtu hatia iliyouangusha ule mnara, na sioni kwa nini sisi tukutafutie wewe.

Sasa Yeremia 29:11, ule unaoufuta. Mimi naupenda mstari huo, na ndiyo maana naumia ukitumwa kama vocha. Ulikuwa ndani ya barua. Yeremia aliwaandikia watu waliokwisha kung'olewa kwao na kupelekwa Babeli, waliokwisha kuzika, waliokwisha kupoteza nyumba na kutengwa na hekalu. Ukirudi sura moja nyuma utamkuta nabii mwingine, Hanania, akiahidi kule Yerusalemu kwamba ndani ya miaka miwili vyombo vya hekalu na watu hao waliochukuliwa watarejeshwa. Habari ya Hanania ilikuwa tamu zaidi. Yeremia akasema miaka 70. Hesabu mwenyewe: wengi waliosomewa barua ile walijua watafia kule. Na jambo la kwanza waliloambiwa lilikuwa hili: "Jengeni nyumba, mkakae ndani yake, kapandeni bustani, mkale matunda yake." Mawazo ya amani yalikuja kwa watu waliokuwa bado ugenini, na kazi ya kwanza ya tumaini ilikuwa jembe na tofali. Wewe umepika chakula karibu na stendi kila siku na kumpeleka mtoto shule. Unaniuliza kama umeacha kuamini, nami naona mtu anayefanya lile waliloambiwa watu wa Babeli, bila nguvu ya kulisema kwa mdomo.

Kuna mstari mwingine naomba nikupe, ila usiusome leo kama hutaki. Isaya 54:10: "Maana milima itaondoka, na vilima vitaondolewa, bali wema wangu hautaondoka kwako." Nimeusoma maisha yangu yote kama mfano wa maneno tu, mpaka Desemba ile nilipoona picha za Katesh. Mstari huo hausemi mlima hautaondoka. Unaanzia pale ambapo mlima umekwisha kuondoka. Mimi ndivyo ninavyozielewa ahadi za Mungu, kwamba hakuahidi nyumba yako itakuwa nje ya mkondo, aliahidi kutokuacha humo ndani. "Upitapo katika maji mengi nitakuwa pamoja nawe." Najua utaniuliza, huko kuwa pamoja kuna faida gani kama mtoto amekufa. Uliza. Mama yangu aliuliza hivyo hivyo. Sina jibu linalolizima swali hilo, na nikiona mtu analo namwogopa.

Kuhusu Babati. Umeandika kana kwamba ulikuwa Babati badala ya kuwa nyumbani, kana kwamba ulimchagua Mungu, wao wakabaki peke yao. Lakini ulipiga simu. Aliyekuambia lala huko ni mumeo, tena akicheka, kwa sababu usiku ule hakuna aliyejua mlima unanyonya nini. Unapoiwaza siku ile, nadhani unajiona umefika mlangoni na kuwatoa wote wawili. Alikuwepo mwanamume mwenye nguvu anayeijua nyumba yake gizani, na alipata nafasi ya kumtoa mmoja. Kama ungekuwepo, huenda leo kijana wako angekuwa anakaa mlangoni kwa watu wengine. Sikulazimishi ulipokee hili. Hatia ya aliyebaki haiondoki kwa hoja, nimeiona ikikaa na watu miaka mingi. Ila nikuulize: ingekuwa wewe uliyebaki nyumbani, naye ndiye aliyelala Babati, ungetaka ajihukumu hivi?

Tuje kwenye pesa. Hapa nitajitahidi nisikuamulie, ingawa moyo wangu unanituma niseme kwa sauti.

Kifungue kitabu cha Ayubu mwenyewe, sura ya kwanza na ya mwisho, uziweke pamoja. Kondoo walikuwa 7,000, wakawa 14,000. Ngamia 3,000 wakawa 6,000. Ng'ombe na punda nao wakaongezwa mara mbili. Halafu tazama watoto: wana saba na binti watatu mwanzoni, wana saba na binti watatu mwishoni. Watoto hawakuhesabiwa mara mbili. Mimi nasoma hapo kwamba wale wa kwanza hawakufidiwa, kwa sababu mtoto hafidiwi. Na jambo jingine: katika sura ile ya mwisho, walioagizwa kupeleka sadaka si Ayubu. Ni rafiki zake, wale waliokuja kumweleza kwa nini amepatwa. Ayubu aliagizwa kuwaombea.

Ukitoa ile 1,800,000, huenda utapata utulivu wa muda, na amani na wifi yako. Hatari yake unaiona: miezi ikipita na hakuna kilichorudi mara mbili, utaambiwa hukutoa kwa imani, na utajiongezea hatia juu ya ile uliyonayo, bila kibanda na bila majiko. Ukikataa kabisa, pesa itabaki, lakini nyumba ya mumeo inaweza kukununia, na wewe unawahitaji, kijana anamhitaji shangazi yake. Kama moyo wako wewe unatamani kumtolea Mungu kitu kwa ajili ya marehemu wako, unaweza kutoa kadiri upendavyo, mahali upendapo, hata kumnunulia madaftari mtoto aliyefiwa kama wako, bila mtu kukupangia kiasi. Lakini jiulize kabla: natoa kwa sababu nimependa, au nanunua kitu?

Na wifi yako, naomba tusimwone adui haraka. Amempoteza kaka. Pengine urejesho anaoukazania ni wake. Pengine hajui pa kuuweka msiba wake, akaona aukabidhi kwa mtu anayesema kwa uhakika. Je, mmewahi kukaa nyie wawili mkamlia yule mwanamume pamoja, bila habari ya sadaka? Siku moja mkaribishe chakula, mwombe akusimulie kaka yake alipokuwa mdogo. Huenda mazungumzo ya pesa yakawa mepesi baada ya hapo, au yakabaki yalivyo. Sikuahidi.

Kwaya. Wanakuambia ukinyamaza unamnunia Mungu. Lakini katika kitabu hicho hicho cha Zaburi tunachokipenda, Zaburi ya 137, kuna watu waliotundika vinubi vyao mitini na kuuliza, "Tuuimbeje wimbo wa BWANA katika nchi ya ugeni?" Swali lao limewekwa ndani ya Biblia, tunaliimba. Na Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani, haina mstari wa furaha mwishoni, na hakuna aliyeitoa. Kunyamaza kwako ni sehemu ya sala ya watu hao.

Hata hivyo sitaki kukushauri ukae mbali, kwa sababu kuna jambo ulilitaja kwa haraka na mimi sikulipita. Ulisema mlishuka kwenye gari mkatembea kwenye matope, wanakwaya wote, na sare zenu. Hao watu walitembea nawe. Ukiiacha kwaya moja kwa moja, hatari ni kuwapoteza wale pekee walioiona asubuhi ile kwa macho yako. Ukikubali kuanzisha wimbo siku ya kumbukumbu, inawezekana kitu kikafunguka, na inawezekana pia ukavunjika mbele ya umati, au ukaimba vizuri kwa ajili ya faraja ya watu na kurudi nyumbani mtupu kuliko ulivyokwenda. Kati ya hayo mawili kuna njia nyingine. Unaweza kuvaa sare na kusimama mahali pako ukiwa umefunga kinywa, wenzako wakiibeba sauti yako. Unaweza kukaa na wafiwa, si na kwaya. Unaweza kumwomba mwalimu wachague wimbo wa maombolezo badala ya wa ushindi. Unaweza kumwambia, "Mwaka huu bado." Mwambie pia ile sababu ya Babati, kama unaweza. Nina wasiwasi hajui, na kama hajui, anakuomba kitu asichokielewa uzito wake. Hukuniambia sare ile uliyotembea nayo iko wapi sasa. Kama umeitupa, sawa. Kama umeikunja mahali, nayo ni sawa.

Mtoto ndiye aliyenifanya nisubiri siku tatu kabla ya kuandika.

Swali lake si la kukufuru. Lazaro alipokufa, dada zake wawili, kila mmoja kwa wakati wake, walimwambia Yesu neno moja: "Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa." Hilo ni lile lile, alikuwa wapi. Martha hakukemewa, Mariamu hakukemewa. Na alipomwona Mariamu analia, Yesu hakuanza kumfundisha. Alilia machozi. Alikuwa karibu kumfufua Lazaro, na bado alilia kwanza.

Lakini sikiliza pia nusu ya pili ya swali: "Alikuwa Babati na wewe?" Humo sisikii Mungu tu. Nasikia mtoto aliyekuwa juu ya ukuta peke yake, akimtafuta mama. Na huenda ana jingine asilolisema: kwamba baba alimtoa yeye kwanza. Watoto waliopona hubeba hesabu hiyo kimya kimya. Unaweza kumwambia, "Hata mimi namuuliza Mungu hivyo." Wengine wataona ni hatari, kwamba utamtikisa imani, na ni kweli kwamba mtoto hapaswi kuubeba mzigo wa mama. Lakini akiona wewe unauliza na bado unasali, atajua kwamba kuuliza hakumfukuzi mtu nyumbani kwa Baba. Ukichagua kutomwambia, basi usimjibu kwa haraka kwamba Mungu alikuwa na mpango, maana yeye aliona ule mpango kwa macho.

Viatu vile vya usiku si upungufu wa imani. Mwili wake unakumbuka. Hata mtu mzima aliyeponea chupuchupu hukaa hivyo. Zungumza na mwalimu wake anayemwamini, na ufike kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya uulize kuhusu mshauri nasaha wa watoto, yeye na wewe pia. Hilo haliondoi maombi. Unaweza kumwombea njiani mkienda.

Umeniuliza kama ahadi zipo. Mimi naamini zipo, na sitakusukuma uamini kwa kasi yangu. Mama yangu alifungua kinywa tena kanisani siku isiyo ya sikukuu yoyote, katikati ya wimbo, kwenye ubeti wa tatu. Hatujui kwa nini ubeti wa tatu. Hatukumuuliza.

Mvua za Novemba hazipo mbali. Usiku wa kwanza zikinyesha, kabla hujamwambia kijana arudi kulala, kaa naye kidogo pale mlangoni. Vaa na wewe viatu. Kisha uniandikie.